Si Kila Picha ya Kihindi ni Bollywood: Sinema ya Kitelugu na Mafundi Walioijenga

Septemba 2025 mwongozaji S. S. Rajamouli alikuwa Kenya na kikosi chake, akipiga picha za filamu mpya. Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi, alikutana naye na kuitangaza ziara hiyo kwa fahari, na katika mazungumzo ya watu wengi habari ikawa moja: Bollywood imefika Afrika Mashariki. Machi 2023 mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wimbo "Naatu Naatu" kutoka filamu yake ya RRR ulishinda tuzo ya Oscar, na usiku ule ule mshereheshaji aliihesabu RRR kuwa ya Bollywood. Wenye filamu yao hawakufurahi, na walikuwa na haki. Rajamouli si mtu wa Bollywood. Mahesh Babu, steringi wa filamu iliyopigwa Kenya, jina lake lote kalijenga nje ya Bollywood. Hawa ni watu wa sinema ya Kitelugu.

Kwa aliyezoea kusema "picha ya Kihindi" na kuishia hapo, jambo hili litaonekana la kubishana bure. Mimi naona kuchanganya huko kunatunyima kitu. Anayeitazama RRR akidhani ni ajabu iliyozuka juzi kwa nguvu za kompyuta, hajui kwamba ufundi ule una wazee wake, watu wenye majina, walioanza kuujenga zaidi ya miaka 70 iliyopita katika jiji ambalo hata si kwao.

Tuanze na maneno. Bollywood ni sinema ya lugha ya Kihindi inayotengenezwa Mumbai, jiji lililokuwa likiitwa Bombay. Basi. India haina sinema moja. Watamil wana yao, yenye makao Chennai. Wamalayalam wana yao Kerala. Wabengali wana yao Kolkata. Watelugu, ambao sensa ya 2011 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 80 ndani ya India, wanaishi hasa katika majimbo mawili ya kusini mashariki, Andhra Pradesh na Telangana, na sinema yao leo ina makao Hyderabad. Wengi huiita Tollywood, lakini Wabengali nao walianza kuitumia jina hilo zamani kwa sinema yao, kwa hiyo hapa nitasema tu sinema ya Kitelugu.

Na Kitelugu si lahaja ya Kihindi. Kihindi na Kitelugu vinahusiana kama Kiswahili na Kiluo: vimekaa jirani, vimeazimana maneno, wasemaji wake wanafanya biashara pamoja, lakini ni koo mbili tofauti kabisa za lugha. Mtelugu wa kijijini ambaye hakusoma Kihindi haelewi filamu ya Mumbai bila kutafsiriwa, kama ambavyo wewe huielewi bila yule anayeisimulia kwenye kibanda umiza.

Kwa nini sisi tulijua Bombay peke yake? Sababu ni ya bahari na biashara. Majahazi na meli za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa zikienda na kurudi pwani ya magharibi ya India, na Wahindi waliohamia kwetu wengi walikuwa Wagujarati, Wakachi na Wapunjabi. Majumba ya sinema yalipofunguliwa katika miji yetu, filamu zilikuja kwa njia ile ile ya vitambaa na viungo, yaani kutoka Bombay. Watelugu walipovuka bahari walielekea kwingine: Burma, Malaya, Mauritius, Natal kule Afrika Kusini, wengi wao wakiwa vibarua wa mikataba. Ndiyo maana bibi zetu walilia na mastaa wa Bombay, na majina kama la mwigizaji Savitri au la mwimbaji Ghantasala hayakuwahi kufika masikioni mwao.

Sinema iliyozaliwa ugenini

Zama ninazozungumzia hapa zinaanzia kwenye miaka ya 1950 na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini mbegu ilipandwa mapema. Raghupathi Venkaiah, ambaye Watelugu humwita baba wa sinema yao, alikuwa mpiga picha aliyezunguka na mashine ya kuonyesha filamu kabla hajajenga majumba ya sinema Madras. Mwaka 1921 yeye na mwanawe Prakash walitoa filamu bubu iliyoitwa Bhishma Pratigna. Filamu ndefu ya kwanza kusema Kitelugu, Bhakta Prahlada, ilitoka mwaka 1932 chini ya uongozi wa H. M. Reddy, ikiwa na waigizaji kutoka Surabhi, ukoo wa wacheza maigizo uliokuwa ukizunguka na jukwaa lake tangu mwaka 1885.

Shika jina hilo la Madras, yaani Chennai ya sasa. Ni jiji la Watamil. Enzi za Waingereza eneo kubwa la Watelugu lilitawaliwa kutoka huko, na mitaji, maabara za kusafishia filamu na studio zilikuwa huko. Watelugu walipata jimbo lao mwaka 1953, na mwaka 1956 likapanuliwa kuwa Andhra Pradesh, mji mkuu ukiwa Hyderabad. Filamu zao hazikuhama mara moja. Kwa miaka mingi baadaye hadithi za vijiji vya Kitelugu ziliendelea kupigwa picha mjini kwa Watamil, mara nyingi seti ile ile ikitumika mara mbili: asubuhi mnapiga toleo la Kitelugu, baadaye mnapiga la Kitamil.

Katikati ya shughuli hiyo walikaa marafiki wawili, B. Nagi Reddy na Chakrapani, na kampuni yao ya Vijaya iliyofanyia kazi katika studio za Vauhini. Kabla ya filamu walikuwa watu wa uchapaji. Mwaka 1947 walianzisha Chandamama, jarida la hadithi za watoto ambalo baadaye lilisomwa India nzima kwa lugha nyingi. Nadhani hapo ndipo siri yao ilipo. Watu waliokuwa wakifikiria kila mwezi namna ya kumsimulia mtoto hadithi ya jini na binti mfalme bila kumchosha, ndio waliokuja kuamua filamu itengenezwe vipi. Vijaya iliajiri waigizaji, waandishi na mafundi kwa mikataba, wakalipwa kwa mwezi kama wafanyakazi wa kiwanda. Kikosi kikikaa pamoja miaka kadhaa, mpiga picha anajua mwongozaji anataka nini kabla hajafungua mdomo. Pathala Bhairavi ya 1951, Missamma ya 1955 na Gundamma Katha ya 1962 zote zilitoka kwenye nyumba hiyo. Na kati yake kuna moja inayohitaji kuangaliwa kwa karibu.

Ndani ya Mayabazar

Mayabazar ilitoka Machi 1957, ikiongozwa na K. V. Reddy. Mwaka 2013 kituo cha televisheni cha CNN-IBN kiliwaomba watazamaji kuchagua filamu bora ya India ya miaka 100, na wakaichagua hiyo, mbele ya filamu zote za Bombay ambazo dunia inazijua.

Hadithi yake inaishi katika ulimwengu wa Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindu kuhusu jamaa wa ukoo mmoja waliogombania ufalme. Lakini kisa chenyewe hakimo katika utenzi wa Kisanskriti. Ni masimulizi ya watu, yaliyokuwa yakichezwa na vikundi vya jukwaani kama Surabhi. Sasirekha, binti wa Balarama, ameahidiwa tangu utotoni kuolewa na binamu yake Abhimanyu. Ndugu wa upande wa Abhimanyu wanapopoteza ufalme wao kwenye kamari, mama yake Sasirekha anabadilika. Hataki tena mkwe masikini. Anataka mtoto wa tajiri Duryodhana. Harusi inapangwa. Mungu Krishna, ambaye ni ami yake Sasirekha, anashirikiana na Ghatotkacha, binamu wa Abhimanyu mwenye damu ya majini. Ghatotkacha anamnyanyua binti akiwa amelala na kitanda chake, anakwenda kumficha, kisha anajigeuza yeye mwenyewe kuwa Sasirekha na kukaa mahali pake kama bibi harusi.

Ni kisa ambacho nyumba yoyote ya Pwani ingekielewa: mahari, tamaa ya wazee, uchumba uliovunjwa kwa sababu ya pesa, na jini.

Tazama kazi aliyobebeshwa Savitri. Katika nusu ya kwanza yeye ni Sasirekha, msichana mlaini aliyependa. Katika nusu ya pili yeye ni jini dume lenye miraba minne lililojificha ndani ya mwili wa msichana, na hakuna mashine inayomsaidia kutuonyesha hivyo. Ana shingo, mabega na mwendo wake tu. Mbele za watu anatembea kwa aibu ya mwali. Akibaki na walio kwenye njama anatanua kifua, miguu inapanuka, macho yanakuwa ya S. V. Ranga Rao, mwigizaji aliyecheza Ghatotkacha mwenyewe. Kwenye sherehe anamkanyaga bwana harusi mguu huku uso ukibaki wa mwali. Alikuwa bado binti mdogo sana alipoifanya kazi hiyo, na mpaka leo sijaona aliyeirudia vizuri zaidi.

Halafu kuna karamu. Ghatotkacha anaingia peke yake kwenye ukumbi uliojaa chakula cha harusi, anakaa, anaimba "Vivaha Bhojanambu", na vyakula vinaanza kwenda vyenyewe. Ladu zinaruka kutoka kwenye sinia hadi mdomoni. Mwaka ule hapakuwa na kompyuta. Miujiza ya namna hiyo ilifanyika ndani ya kamera yenyewe: unapiga, unasimamisha, unasogeza kitu, unapiga tena; au unaipitisha filamu ile ile mara mbili huku sehemu moja ya lenzi umeifunika. Ukikosea, kazi ya siku nzima imeharibika. Mji wa Dwaraka tunaouona kwa mbali ulikuwa mfano mdogo uliojengwa kwenye eneo la futi 50 kwa 60, ukiwa na nyumba ndogo zipatazo 300, na kila nyumba ikawekewa taa yake ya umeme. Mbalamwezi maarufu juu ya mto, katika wimbo "Lahiri Lahiri", ilitengenezwa na mpiga picha Marcus Bartley kwa taa na lenzi.

Mwandishi Pingali Nagendrarao naye alifanya muujiza wake kwa kalamu. Aliwapa majini wa filamu hiyo lugha yao, ningesema, maneno aliyoyabuni mwenyewe yanayosikika kama Kitelugu lakini yamepinda, na mengine Watelugu wanayatumia mpaka leo wakitaniana.

Jambo moja zaidi ambalo ni rahisi kulipita: ndugu watano ambao vita vyote vya Mahabharata vinawahusu, akiwemo baba yake Abhimanyu, hawaonekani kwenye filamu hii hata mara moja. Wanatajwa, wanahurumiwa, kisa chote kinazunguka hali yao, na huwahisi kuwa wamekosekana. Huo ni uandishi wa mtu anayejiamini.

Rajamouli amesema wazi jinsi Mayabazar ilivyomjenga. Ukiitazama kisha ukarudi kwenye filamu yake ya Baahubali, utaona deni hilo: mji wa kubuni ulioonyeshwa kana kwamba upo, mwili wa mwanadamu wenye nguvu kupita kiasi, na kitu cha ajabu kinachofanyika taratibu ili mtazamaji apate muda wa kukiamini.

NTR yupi, na je, aliabudiwa?

Hapa watu wengi hupotea. Katika RRR yuko mwigizaji anayeitwa NTR. Huyo ni mjukuu. NTR aliyecheza Krishna katika Mayabazar ni babu yake, Nandamuri Taraka Rama Rao, aliyezaliwa mwaka 1923 katika kijiji cha Nimmakuru na kuanza filamu mwaka 1949 kwa sehemu ndogo katika Mana Desam. Majina ya ukoo ni mengi katika sinema hii: Mahesh Babu ni mtoto wa Krishna, steringi aliyecheza mpigania uhuru Alluri Sitarama Raju mwaka 1974, na mpigania uhuru huyo huyo ndiye aliyekuja kuchezwa kwa namna nyingine katika RRR. Krishna huyo mwigizaji si Krishna mungu. Bora niseme, maana nimeona watu wakichanganya.

Inasemekana sana kwamba Watelugu walimwabudu NTR kwa sababu alicheza miungu, wakashindwa kutofautisha filamu na ukweli, wakampa serikali. Ni kweli kwamba sura yake kama Krishna na Rama ilining'inizwa ukutani katika nyumba nyingi. Lava Kusa ya 1963, filamu ndefu ya kwanza ya Kitelugu ya rangi, ambamo alikuwa Rama, iliwatoa watu vijijini kwenda mjini. Lakini alipoombwa kucheza Krishna katika Mayabazar alisita, kwa kuwa mara moja kabla alijitokeza kwa sura hiyo na watazamaji hawakumkubali. K. V. Reddy ndiye aliyemshawishi. Imani ya watu ilikuja baada ya kazi.

Na NTR huyo huyo alipenda kuwatetea wabaya wa tenzi. Katika Daana Veera Soora Karna ya 1977, filamu aliyoiongoza na kuigharimia, alicheza watu watatu: Krishna, Karna, na Duryodhana ambaye kila mtoto wa India amefundishwa kumchukia. Duryodhana wake ana hoja, ana uchungu, na anasimama dhidi ya ubaguzi wa kuzaliwa. Mtu anayetaka kuabudiwa tu hachezi hivyo.

Siasa nayo ina maelezo ya kawaida kabisa. Kati ya 1978 na 1983 chama cha Congress kiliiweka Andhra Pradesh chini ya mawaziri wakuu wanne, uamuzi ukitoka Delhi, na Watelugu wakaona wanadharauliwa. NTR aliunda chama chake, Telugu Desam, mwishoni mwa Machi 1982. Akalipanda gari la Chevrolet lililogeuzwa kuwa jukwaa, akazunguka vijijini akizungumzia heshima ya Watelugu na mchele wa rupia mbili kwa kilo. Januari 1983 chama kile kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka kilipata viti takriban 200 kati ya 294. Umaarufu ulimfungulia mlango wa kusikilizwa. Mchele na hasira ya watu dhidi ya Delhi vilifanya yaliyobaki.

Mwenzake na mshindani wake alikuwa Akkineni Nageswara Rao, ANR, kijana wa familia ya wakulima aliyeingia jukwaani akicheza sehemu za kike. Yeye alichukua njia ya mapenzi na maumivu. Devadasu ya 1953, kuhusu kijana anayejimaliza kwa pombe baada ya kumkosa mpenzi wake, ilimfunga na huzuni kwa maisha yake yote. ANR alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kushikilia kwamba filamu za Kitelugu zitengenezwe Hyderabad, na baadaye akajenga studio zake huko, Annapurna. Alifariki mwaka 2014.

Sauti si zao

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu filamu za India: hivi kweli wote wanajua kuimba? Hapana. Wimbo hurekodiwa kwanza studio na mwimbaji wa kazi hiyo, kisha siku ya kupiga picha mwigizaji anafuatisha kwa midomo. Hakuna anayedanganywa; jina la mwimbaji linatangazwa na anaheshimiwa kama mwigizaji.

Ghantasala Venkateswara Rao ndiye aliyekuwa sauti ya zama hizo. Aliimba kwa niaba ya NTR na kwa niaba ya ANR pia, na msikilizaji makini alijua ni yupi kati yao atatokea kwenye pazia kwa namna Ghantasala alivyoibeba sauti: nzito na ya kusimama kwa NTR, nyepesi na ya kuvuta kwa ANR. Mwaka 1942 alifungwa na Waingereza kwa kushiriki harakati za uhuru. Alifariki 1974, na nafasi yake ikaja kujazwa na S. P. Balasubrahmanyam, ambaye wengi wetu tumemsikia bila kumjua.

Aliyevunja kanuni hii alikuwa Bhanumathi. Yeye aliigiza, akajiimbia, akaandika hadithi, akamiliki studio pamoja na mumewe, na mwaka 1953 akaongoza filamu yake mwenyewe, Chandirani. Malliswari ya 1951, ambamo anacheza msichana wa kijijini anayechukuliwa kwenda kuishi katika jumba la mfalme, ni filamu ninayoipenda karibu sawa na Mayabazar. Bhanumathi hakuwa mtu wa kupelekwa. Alianza kupiga picha za Missamma, akatofautiana na Chakrapani, akaondolewa, na nafasi ikamwangukia Savitri aliyekuwa amepangiwa sehemu ndogo ndani ya filamu hiyo hiyo. Hivyo ndivyo Savitri alivyopanda.

Maisha ya Savitri yanasimuliwa siku hizi kama onyo kuhusu pombe na mapenzi, na filamu ya Mahanati ya 2018 imeyafikisha kwa vijana. Ni kweli aliteseka. Alilala hoi kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kufariki Desemba 1981. Lakini husahaulika kwamba sehemu ya hasara yake ilitokana na ujasiri wa kikazi. Aliongoza filamu, akianza na Chinnari Papalu ya 1968, na akaweka pesa zake mwenyewe. Wanaume waliopoteza mali kwa filamu walikuwa wengi na huitwa wathubutu.

Kwa anayetaka kuanza kuzitazama: usianze na tenzi. Anza na Missamma, kichekesho cha vijana wawili wasio na kazi, mwanamke Mkristo na mwanamume Mhindu, wanaojifanya mke na mume ili wapate ajira ya ualimu iliyotaka wanandoa. Hapo hakuna miungu wa kukuchanganya. Kisha nenda Mayabazar, na ukipata nafasi ya kuchagua, liache toleo lililopakwa rangi mwaka 2010. Bartley aliipangia taa zake akijua filamu itakuwa nyeusi na nyeupe. Ina urefu wa kama saa tatu, na nyimbo zake usizirushe, kwa kuwa hadithi inaendelea ndani yake. Baada ya hapo uko tayari kwa Sankarabharanam ya 1980, ya mwongozaji K. Viswanath, aliyeanza kazi kama fundi sauti katika studio zile zile za Vauhini. Steringi wake, J. V. Somayajulu, alikuwa mtumishi wa serikali aliyevuka umri wa ujana. Kisa chake ni cha mwanamuziki mzee wa muziki wa kale ambao soko lilikuwa limeusahau, na watu walijaa majumbani kuitazama.